Safari ya redio kwenda Jan Mayen: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Watu wengi wanaouliza kuhusu safari ya redio ya ridhaa (redio ya wanaowasiliana na dunia kwa kupenda, si kwa biashara) kwenye visiwa vya Aktiki huanza na antena. Ukurasa huu unaanza na karatasi na fukwe, kwa sababu safari nyingi za namna hii hukwama huko kabla hata redio haijawashwa. Mfano wetu ni Jan Mayen. Mengi ya yaliyomo yanafaa pia kwa Bjørnøya na Svalbard, visiwa vingine vya Norwei, na palipo na tofauti tumesema.

## Mambo ya mwanzo

Jan Mayen kiko wapi, na kwa nini kinatafutwa hivyo?

Ni kisiwa cha Norwei kilicho peke yake baharini, latitudo ya 71 kaskazini. Greenland iko takriban kilomita 500 magharibi, Aislandi kama kilomita 600 kusini, na Norwei yenyewe iko mbali zaidi upande wa mashariki. Kina eneo la kilomita za mraba 377. Upande wake wa kaskazini-mashariki wote ni mlima Beerenberg, volkano hai yenye mita 2,277 iliyovaa barafu. Mara ya mwisho ililipuka mwaka 1985. Hakina wenyeji. Wanaoishi humo ni wafanyakazi wachache wa jeshi na wa taasisi ya hali ya hewa ya Norwei, katika makazi yanayoitwa Olonkinbyen.

Kwa waendesha redio, Jan Mayen huhesabiwa peke yake katika DXCC, orodha ya maeneo ambayo mtu hujaribu kuwasiliana nayo, ya chama cha waendesha redio wa Marekani, ARRL, yenye nchi na maeneo 340. Katika mpango wa visiwa wa IOTA namba yake ni EU-022. Alama za wito, yaani majina ya vituo hewani, za huko huanza na JX. Kwa kuwa hakuna raia anayekaa pale na redio yake nyumbani, kisiwa kinaweza kunyamaza kwa muda mrefu, na JX moja ikisikika dunia nzima huiita kwa pamoja.

Si ingekuwa rahisi kwenda Svalbard?

Ndiyo, na kwa kikundi ambacho hakijawahi kufanya kazi Aktiki huo ndio ushauri wangu. Longyearbyen ina ndege za abiria za ratiba, maduka, hospitali ndogo na hata kituo cha klabu chenye alama JW5E. Kisiwa kikuu ni EU-026 katika IOTA. Utajifunza baridi, upepo na tabia ya mawimbi ya kaskazini huku ukilala kitandani. Bjørnøya, yenye namba EU-027, iko katikati ya hali hizo mbili: ni ya upweke kama Jan Mayen, ila kwa DXCC huhesabiwa kuwa Svalbard.

Nahitaji kikundi cha watu wangapi?

Muwe wa kutosha kuendesha vituo viwili usiku na mchana kwa zamu na bado abaki mtu aliyelala vizuri. Chini ya wanne ni kazi ngumu. Zaidi ya kumi, boti na hema zinaanza kuwalemea. Idadi si hoja kubwa kama mchanganyiko: anayejua bahari, anayejua injini, anayejua huduma ya kwanza, na anayeweza kupokea Morse ya kasi saa tisa usiku bila kugombana na mtu.

## Vibali na karatasi

Nani anatoa ruhusa ya kushuka kisiwani?

Jan Mayen husimamiwa na Statsforvalteren i Nordland, yaani mkuu wa jimbo la Nordland, aliyeko Bodø. Kisiwani penyewe mkuu wa kituo ndiye mwenye mamlaka ya kila siku. Ruhusa iombwe mapema, kwa maandishi, ikieleza mnakuja na chombo gani, lini, mko wangapi, mtalala wapi, mtaweka nini ardhini na mtaondoka vipi mambo yakiharibika.

Swali hilo la mwisho ndilo hutenganisha barua ya kawaida na barua inayojibiwa. Wakazi wa kisiwa ni wachache na wana kazi zao. Mkifika bila mpango wa kujiokoa, wao ndio watakaolazimika kuwatafuta. Andika mpango huo kwa kirefu kuliko unavyoandika kuhusu redio.

Leseni yangu ya Kenya, Tanzania au Uganda inatosha?

Kwa peke yake, hapana. Norwei inafuata mapatano ya CEPT, umoja wa mamlaka za mawasiliano za Ulaya, yanayojulikana kama T/R 61-01. Mwenye leseni ya nchi iliyomo humo huweka JX na mkwaju mbele ya alama yake ya nyumbani, akaanza kazi. Nchi zetu za Afrika Mashariki hazimo. Waandikie Nkom, mamlaka ya mawasiliano ya Norwei, ukiambatanisha leseni yako, uombe idhini kabla ya safari. Msomaji anayeishi Uingereza, Ujerumani, Kanada au Marekani na kushika leseni ya huko ya daraja linalokubalika yuko njia fupi.

Idhini ya redio na ruhusa ya kushuka ni vitu viwili tofauti, kutoka ofisi mbili tofauti. Kuwa na moja hakukupi nyingine. Tunza nakala za zote mbili, maana ARRL inaweza kuzitaka kabla ya kukubali mawasiliano yenu kwa DXCC.

Na visa?

Svalbard haiko ndani ya eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zenye visa ya pamoja, lakini njia ya kwenda visiwa hivi hupita Norwei au Aislandi, ambazo zimo. Ukitoka bandari ya Aislandi kwenda kisiwani na kurudi, unaweza kuhesabiwa umetoka Schengen na kuingia upya. Mwenye pasipoti inayohitaji visa aombe ya kuingia zaidi ya mara moja, na siku za akiba ziwemo, kwa sababu bahari haifuati tarehe iliyogongwa kwenye pasipoti.

Tunaweza kupiga hema popote?

La. Tangu 2010 karibu kisiwa kizima ni hifadhi ya mazingira, na kupiga kambi ndani ya hifadhi hakuruhusiwi. Wageni wanaofika kwa chombo hushukia Kvalrossbukta au Båtvika. Maeneo yaliyo nje ya hifadhi ni madogo na yako karibu na shughuli za kituo, kwa hiyo mahali pa kambi na pa antena ni jambo la kukubaliana na mkuu wa kituo kabla ya safari.

Kuna ndege wa baharini wanaotaga kwa wingi, kuna kuvumwani na majani madogo yanayochukua miaka mingi kuota kwenye changarawe ya volkano, na kuna mabaki ya kale ya wavuvi wa nyangumi na ya kituo cha Austria-Hungaria cha 1882 hadi 1883. Kigingi kimoja cha waya kikikitwa mahali pabaya huacha alama itakayowazidi umri. Safisha viatu na vigingi kabla ya kupanda chombo, usije ukapeleka mbegu za kigeni.

## Kufika, kukaa na kurudi

Tunafikaje?

Kisiwa kina uwanja wa ndege wa changarawe, lakini ni wa ndege za jeshi zinazohudumia kituo. Usijenge mpango wako juu yake. Njia ya kawaida kwa wageni ni chombo cha kukodi kutoka kaskazini mwa Aislandi, mara nyingi jahazi la chuma au la faiba lenye nahodha aliyezoea maji hayo. Kwa mwendo wa noti 6 (maili 6 za baharini kwa saa), maili 325 hivi za baharini ni zaidi ya siku mbili usiku na mchana, kama upepo umekubali.

Bandari hakuna. Chombo hutia nanga, na kila kitu, kuanzia mtu hadi dumu la mwisho la petroli, hupita kwenye boti la mpira hadi ufukwe wa mchanga mweusi wenye mawimbi. Hapa ndipo safari inapoamuliwa. Pakieni kila mzigo uwe wa kubebwa na watu wawili waliolowa na kuchoka. Redio ziwe ndani ya makasha yasiyopitisha maji, na kamwe msiweke redio zote kwenye boti moja. Likipinduka, nusu ya kituo iwe bado kwenye jahazi. Watu wavae suti za kuokolea. Maji ya huko humwishia mtu nguvu za mikono haraka mno, hata kama anajua kuogelea.

Nahodha akisema leo hakushukiki, mjadala umekwisha. Liandikeni hilo kwenye makubaliano ya kikundi kabla hamjalipana fedha.

Twende mwezi gani?

Juni hadi Agosti kwa ajili ya bahari. Joto la wastani wa miezi hiyo huchezea nyuzi 5 hivi za Selsiasi, ukungu ni mwingi, na upepo haukosi. Kuanzia katikati ya Mei hadi mwishoni mwa Julai jua halizami, jambo linalobadilisha kabisa masafa ya kutumia. Tazama swali la mwanga wa saa 24 hapa chini.

Kuna dubu weupe?

Jan Mayen haina dubu wa kudumu. Zamani walikuja na barafu ya bahari, nayo siku hizi hufika kwa nadra. Svalbard ni habari nyingine. Huko kutoka nje ya makazi kunahitaji vifaa vya kufukuza dubu na silaha ya kujikinga, pamoja na mtu aliyefunzwa kuitumia, na sheria inakutaka ukae mbali naye. Usipige kambi Svalbard kwa kuwa tu ulisoma kuhusu Jan Mayen.

Mtu akiugua?

Kituo cha kisiwani kina huduma ya kwanza kwa watu wake, si hospitali. Ndege ya kuja kuchukua mgonjwa inategemea ukungu na upepo. Kila mtu apimwe na daktari na atibiwe meno kabla ya safari, na kikundi kiwe na bima inayotaja wazi uokoaji wa Aktiki. Bebeni simu ya satelaiti ya Iridium, ambayo hufika hadi ncha ya dunia, na kifaa cha kutuma ishara ya dharura kwa kila anayetoka kambini.

## Antena, umeme na baridi

Antena gani inafaa?

Antena wima, ufukweni, karibu na maji ya chumvi kadiri mnavyoruhusiwa. Bahari ni kioo bora cha mawimbi ya redio: ishara huondoka chini chini kuelekea upeo wa macho, na ndivyo inavyotakiwa kwa nchi za mbali. Dipole wima mbili (antena za waya zenye mikono miwili) kwenye nguzo moja ya faiba, moja ikiwa kirejeshi cha mawimbi, hushindana vizuri na antena za alumini zinazohitaji mnara, na hubebeka mkononi.

Ardhi ya volkano haipitishi umeme vizuri, na fimbo ya kukita chini haisaidii kitu. Tumieni nyaya za radiali, zinazotawanyika kutoka chini ya antena, zilizoinuliwa kidogo, au zilizotandazwa kuelekea majini. Kila nguzo ifungwe kamba katika ngazi mbili. Nanga za mifuko ya mchanga hushika vizuri kuliko vigingi, tena haziharibu ardhi.

Jan Mayen ina vifaa vya hali ya hewa na kituo cha kupokea ishara za Galileo, satelaiti za Ulaya za kuonyesha mahali. Mpeni mkuu wa kituo orodha ya masafa na nguvu mtakazotumia, na mzime mara moja akisema mnawaingilia. Mgeni hajadiliani juu ya hilo.

Umeme tutapata wapi?

Hesabuni kana kwamba hamtapewa hata wati moja. Jenereta dogo la kVA 2 likibebeshwa mzigo mkubwa hula takriban lita moja ya petroli kwa saa. Mawili yakikesha ni lita 48 kwa siku, lita 336 kwa wiki: karibu kilo 250 za mafuta bila uzito wa madumu, zote zikipita kwenye lile boti la mpira.

Kwa hiyo swali la amplifaya, kifaa cha kuongeza nguvu ya kutuma, ni swali la mafuta. Redio ya wati 100 hutumia wati mia tatu hivi inapotuma na chache sana inaposikiliza, na jenereta moja hulisha redio kadhaa za aina hiyo. Antena nzuri ufukweni hulipa sehemu kubwa ya pengo la nguvu. Chukueni amplifaya moja, kwa ajili ya masafa ya chini na njia zinazopita nchani. Ya pili naiona ni anasa.

Nyuzi chache juu ya sifuri pamoja na ukungu ndiyo hali inayopenda kugandisha kabureta na bomba la kupumulia la injini. Lijengeeni jenereta kibanda cha kuzuia upepo kinachopitisha hewa, mbali na hema, na moshi uende upande wa pili. Kaboni monoksidi, gesi ya sumu iliyo katika moshi huo, haina harufu.

Betri za lithiamu zinahimili?

Kutoa umeme, ndiyo, kwa uwezo uliopungua. Kuchajiwa chini ya nyuzi 0, hapana: seli za lithiamu huharibika moja kwa moja. Kaeni nazo ndani ya hema, ndani ya sanduku lenye sponji.

Kebo na kompyuta?

Kebo ya koaksia (ya antena) yenye ganda la PVC hukakamaa na kupasuka ikikunjwa kwenye baridi kali. Ikunjueni ikiwa na joto. Skrini huwa nzito kubadilika. Adui mkubwa zaidi ni umande: kifaa kilichotoka nje kiacheni ndani ya mfuko uliofungwa hadi kipate joto la hema.

## Hewani

Jua lisilozama linabadilisha nini?

Mita 160 na 80 (masafa hutajwa kwa urefu wa wimbi) huhitaji giza, kwa sababu mchana tabaka la D, la chini katika ionosfia, sehemu ya juu ya anga yenye chembe za umeme, humeza mawimbi hayo. Jua likiwaka saa 24, masafa hayo karibu hufa upande wenu. Kwa upande mwingine mita 20 huweza kubaki wazi usiku kucha, na mita 17 na 15 huongezeka. Kikundi cha Juni kisiahidi mita 160. Anayeitaka aende giza linaporudi, akubali na dhoruba zake.

Aurora, ule mwanga wa angani wa kaskazini, huharibu mawasiliano?

Huyaharibu, na Jan Mayen iko chini ya ukanda wake. Dhoruba ya sumaku ya jua ikipanda, chembe zinazoleta ule mwanga mzuri huongeza pia umeme katika tabaka za chini za anga, na tabaka hizo humeza mawimbi mafupi. Ishara zinazopita zikitetemeka huwa na sauti kama ya mtu anayenong'ona kupitia maji. Morse ya taratibu hupenya pale sauti inaposhindwa. Mlipuko wa protoni kutoka jua ni mbaya zaidi, unaweza kuziba eneo lote la ncha kwa saa nyingi au siku kadhaa.

Njia hazizibiki kwa usawa. Japani na pwani ya magharibi ya Amerika hufikiwa kwa kupita karibu na ncha, ndizo hufa kwanza. Kusini, yaani Ulaya na Afrika, ishara hutoka ukandani haraka. Wakati wa dhoruba geuzieni masikio kusini badala ya kuzima mitambo, na wekeni tayari wenye Morse kwa saa ambapo njia ya ncha inafunguka hata kwa dakika ishirini.

Sisi tulio Afrika Mashariki tutawasikia?

Mnaweza. Kutoka Mombasa ni kama kilomita 9,000, na antena ielekezwe kaskazini ikipinda kidogo tu magharibi, nyuzi 346 hivi. Mawimbi hupita Ethiopia, Misri na Ulaya mashariki. Jaribuni mita 15, 12 na 10 alasiri, na mita 20 na 17 baada ya jua kuzama kwenu. Ratiba zao huandikwa kwa UTC (saa ya dunia), nasi tuko saa tatu mbele.

Vikundi vyema hutenga muda wa kuita Afrika peke yake, kwa sababu msongamano wa Ulaya hutufunika. Waandikieni kabla hawajaondoka muombe muda huo. Maombi machache tu yanatosha kuwakumbusha.

Na satelaiti ya QO-100?

Hili ni tundu zuri lisilojali aurora sana. Es'hail-2, satelaiti inayobeba QO-100, iko nyuzi 26 mashariki juu ya ikweta, na kutoka Jan Mayen huonekana upande wa kusini-mashariki, nyuzi 7 hivi tu juu ya upeo. Inatosha, mradi pasiwe na kilima mbele. Kwetu ipo karibu utosini. Dishi dogo la kila upande, kutuma kwa GHz 2.4 na kupokea kwa GHz 10, na mazungumzo yanafanyika hata siku mawimbi mafupi yamekufa.

Tutumie FT8, Morse au sauti?

Zote, kwa uwiano unaofuata hali ya hewa ya jua. FT8, njia ya kompyuta ya kubadilishana ujumbe mfupi, huwafikia wenye antena duni, lakini inadai saa ya kompyuta isikosee hata sekunde moja au mbili. Msitegemee intaneti, bebeni kipokezi cha GPS cha kurekebisha saa. Morse huleta mawasiliano mengi kwa saa kwa nguvu ndogo. Sauti ndiyo inayowapa wanachama wapya nafasi.

Kwa nini wanaita masafa moja na kusikiliza mengine?

Ili sauti yao isifunikwe na maelfu ya waitaji. Wakisema "up 5", tuma kilohezi 5 juu yao. Sikiliza kwanza, itika tu alama yako ikitajwa.

## Fedha na uthibitisho

Nani analipa?

Wanakikundi wenyewe, kwa sehemu kubwa. Gharama nzito ni chombo, ikifuatiwa na bima na usafirishaji wa mizigo. Mifuko ya kusaidia safari za redio kama NCDXF ya Marekani, na vilabu, husaidia safari zenye mpango uliokamilika, na waliowasiliana nanyi huchangia wanapoomba kadi za QSL, za kuthibitisha mawasiliano, mtandaoni. Msianze kukusanya michango ya umma kabla ruhusa ya kushuka haijawa mkononi.

Nitajuaje kwamba mawasiliano yangu yameingia?

Vikundi hupandisha daftari lao la mawasiliano kwenye tovuti ya Club Log na baadaye LoTW, daftari la mtandaoni la ARRL. Ukijikosa, andika barua pepe yenye saa ya UTC, masafa na aina ya mawasiliano. Usirudie kuita hewani kila siku "kwa usalama". Unamnyima mwingine nafasi.

## Hali za pembeni

Tukishindwa kushuka, tunaweza kupiga kutoka kwenye jahazi?

Mnaweza kuzungumza kama kituo cha baharini, lakini haitahesabiwa kuwa Jan Mayen. DXCC haikubali chombo hata kikiwa kimetia nanga, na IOTA nayo inataka kituo kiwe nchi kavu.

Mtu mmoja anaweza kufanya hivi bila kikundi?

Kama ni mfanyakazi wa kituo mwenye leseni, ndiyo. Watu wa namna hiyo ndio wamekiweka kisiwa hewani mara nyingi, katika saa zao za mapumziko. Mgeni wa peke yake kambini, hapana.

Mtu mwingine akitumia alama yetu kudanganya?

Hutokea. Tangazeni tarehe halisi za kuanza na kumaliza mkiwa kisiwani. Aina mpya ya FT8 ya safari, SuperFox, iliyotoka 2024, inaweza kubeba sahihi ya kidijitali inayothibitisha mtumaji.

Hali ya hewa ikilazimu kuondoka kabla ya wakati?

Nahodha hutoa muda, nao huwa mfupi. Mpangilio uamuliwe nyumbani: kwanza watu wote wahesabiwe ufukweni, kisha nakala mbili za daftari zigawiwe watu wawili watakaopanda maboti tofauti, kisha mafuta na betri kwa sababu ni sumu kwa ardhi, kisha redio. Nguzo na nyaya ni za mwisho. Zikibaki, mkuu wa kituo aambiwe siku hiyohiyo kilichobaki na mahali kilipo, na gharama ya kukirudisha iwe tayari imo kwenye bajeti yenu.